Simba Aliyenyimwa Mdomo

Niseme ukweli kwanza ili usije ukanishika baadaye. Kikundi ninachokiandika hapa ni cha vijana ninaokaa nao mimi mwenyewe kila Jumamosi, hapa Kigali. Mtu anayekosoa ngoma ya vijana wake ni kama mama anayeonja mboga yake mbele ya wageni. Akisifu, watu wanasema anajipendelea. Akisema chumvi imezidi, wanauliza mbona alipika. Mimi nitasema chumvi imezidi, halafu nitasema nani aliitia, na mmoja wao ni mimi.

Mwaka jana, tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, vijana wetu 14 walicheza Intore mbele ya wageni. Turubai zilikuwa nyeupe, viti vya plastiki vimefungwa vitambaa, maji ya chupa mezani kwa wakubwa. Tulipewa dakika saba. Watu walipiga makofi sana. Nami nasema lile onyesho lilikuwa baya, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu miezi mitatu baadaye vijana walewale walicheza tena bila turubai wala wageni, na nikaona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona wakifanya.

Kwa wasioijua, na najua baadhi ya wafanyakazi wa mashirika wanaoisoma karatasi yetu ndiyo kwanza wamefika: Intore ni ngoma ya wanaume ya Rwanda, na inachezwa pia Burundi na kwetu Kivu, kule wanakosema Kinyarwanda. Neno lenyewe maana yake ni "waliochaguliwa". Zamani vijana waliletwa kulelewa kwenye ikulu ya mfalme, wakafundishwa vita, adabu, mashairi na kucheza. Mchezaji anashika mkuki na ngao. Miguuni anafunga njuga zinazoitwa amayugi, kwa hiyo akikanyaga chini, mguu nao unakuwa ngoma. Na kichwani anavaa umugara.

Umugara ndio unaonileta kuandika. Ni yale manyoya marefu ya shingoni mwa simba, yaliyotengenezwa kwa nyuzi za katani au majani makavu, rangi ya mchanga, yanashuka hadi mabegani na mgongoni. Mchezaji akizungusha kichwa, yanaruka duara zima. Ukitazama picha za zamani, utaona wengine wamejifunga ngozi ya chui kiunoni. Na akina dada, katika umushagiriro, wananyanyua mikono juu kama pembe za inyambo, wale ng'ombe wa mfalme wenye pembe ndefu. Yaani ngoma nzima imejaa wanyama. Simba kichwani, chui kiunoni, ng'ombe mikononi.

Sasa nikuulize: huyu mtu anajificha ndani ya mnyama, au anajionyesha?

Mimi swali hili sikulipata peke yangu. Kuna kijana Mhindi, amejitolea kutufundisha kompyuta, kwao ni Kerala, kusini mwa India. Siku moja, tulipokuwa tunachana nyuzi za umugara, alicheka, akasema kwao nako wapo. Akatuonyesha kwenye simu. Inaitwa Pulikali. Vijana wangu wakapiga kelele, "Puli kali! Puli mkali!" Akatueleza kwamba kwa lugha yao "puli" ni chui au chui milia, na "kali" ni mchezo tu. Inachezwa siku ya nne ya sikukuu ya Onam, katika mji wa Thrissur. Wanaume wananyoa mwili, halafu wanapakwa rangi tangu usiku, saa nyingi, njano, nyekundu, nyeusi, mistari na madoa. Usoni wanavaa kinyago cha chui milia. Tumboni wanachorewa uso mwingine wa mnyama, na mwenye kitambi ndiye anayependwa, maana akitikisa tumbo yule mnyama anafungua mdomo. Wanaingia barabarani na ngoma, mji mzima unacheka. Wanasema ni mfalme mmoja wa huko, Sakthan Thampuran, aliyeianzisha zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Niliipenda sana. Lakini nikaona tofauti moja, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa haya ninayosema. Chui milia wa Thrissur anameza mtu. Kwa siku moja fundi seremala hayupo, dereva hayupo, yupo mnyama. Ndiyo raha yake: unapumzika na jina lako, na jioni unaoga, unarudi kuwa baba fulani. Simba wa Intore hafanyi hivyo. Umugara haufuniki uso. Unauzunguka, kama fremu inavyozunguka picha. Uso unabaki wazi, umenyanyuliwa, na mchezaji anatabasamu. Simba huyu hamli mtu. Anamwonyesha.

Na ili usikosee ni nani anayeonyeshwa, kuna icyivugo. Hapo katikati ya ngoma mchezaji anasimama mbele na kujitaja. Ni shairi la kujisifu: mimi ni fulani, nimefanya hili, sikukimbia pale. Zamani walitaja vita na mikuki. Linasemwa haraka, kwa pumzi moja, na wenzake wanaitikia. Ukiniuliza mimi, njuga ni miguu ya simba, ishakwe, ile ngoma ndogo yenye sauti kali inayoongoza nyingine, ni moyo wake, na icyivugo ni mdomo wake. Ukikitoa icyivugo, umebaki na nywele.

Tarehe 20 Juni tulibaki na nywele.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla, mtu wa maandalizi alikuja kutazama mazoezi. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Alikuwa na vikundi 11 na saa mbili tu. Aliwatazama, akafurahi, akasema, "Hii ya kuruka ni nzuri sana, wekeni yote. Hii ya kuongea punguzeni." Nikamwambia hayo maneno ni sehemu ya ngoma. Akasema wageni hawataelewa lugha, na tena maneno ya vita siku ya amani si vizuri, mtu anaweza kuyachukulia kisiasa. Nikakubali. Ndiyo, mimi. Niliogopa kwamba nikibisha tutaondolewa kwenye ratiba, na vijana walikuwa wamefanya mazoezi miezi mitatu kwenye udongo, tukiwa na umugara tisa kwa vichwa 14, wanapokezana.

Yule aliyeumia zaidi ni kijana wa tatu mstari wa mbele. Ana miaka 16, kwao ni Masisi. Alikuwa ametunga icyivugo chake mwenyewe, nusu Kinyarwanda nusu Kiswahili. Hakuwa na vita vya kujisifia, kwa hiyo alijisifia alichonacho. Sehemu ya Kiswahili, ameniruhusu niiandike, inasema hivi: "Ni mimi Mbeba-mdogo-wake, niliyevuka usiku sikumwangusha. Walionifukuza walikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na mgongo."

Nilipomwambia tumekata, aliniangalia tu. Halafu akasema, "Sawa, vye. Basi niruke tu?"

Nikasema, "Ruka tu."

Akaruka. Wote waliruka. Na hapa niwe mkosoaji wa kweli, nisiwe mlezi tu. Waliruka vibaya. Siyo kwamba hawakuwa na nguvu, nguvu ilizidi. Ngoma ilikimbia kwa sababu mpigaji aliona saa ya mwongozaji imeinuliwa. Katika Intore kuna mahali pa kutulia, pale mstari mzima unakanyaga chini kwa pamoja, unasimama, na kimya kinakaa kidogo kabla njuga hazijaanza tena. Kimya kile kilipotea. Walikuwa wanazungusha vichwa tangu mwanzo hadi mwisho, maana waliambiwa hicho ndicho wageni wanapenda. Ukizungusha umugara kila dakika, unakuwa kama feni. Simba wa kweli hatikisi manyoya siku nzima. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, wazee walisema.

Wiki chache baadaye ikatoka picha, kwenye karatasi moja ya taarifa. Picha nzuri, sikatai, ya mpiga picha anayejua kazi: jua linapita katikati ya nyuzi, vumbi miguuni, mwili umekunjwa kama upinde. Lakini alibonyeza wakati umugara umeruka mbele, na uso hauonekani. Chini imeandikwa kwamba ni kijana mkimbizi akisherehekea utamaduni. Vijana wakakusanyika kuitazama. Mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" Wakaanza kubishana. Mwishowe walimjua kwa kamba ya njuga, maana yake ilikatika na aliifunga kwa kipande cha chandarua cha buluu. Alikuwa ni yeye, wa tatu mstari wa mbele. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe banaweza kukupiga picha na hauko ndani."

Neno hilo lilinikalia kooni. Sisi tumezoea kuonekana bila uso. Tuna namba ya kaya, namba ya kadi, tunahesabiwa kwa vichwa. Simba wa Thrissur angekuwa likizo kwa mtu mwenye jina kubwa mjini. Kwa mtu ambaye tayari amefichwa, kumfunika tena si likizo. Yeye anahitaji simba wa uso wazi. Na ngoma hiyo tulikuwa nayo mkononi, tukaigeuza kinyago.

Wala hatukuwa wa kwanza. Intore imetazamwa na macho ya nje miaka mingi. Mwaka 1950 ilitoka filamu ya Marekani, King Solomon's Mines, na wachezaji wa Rwanda wamo, warefu, wazuri, wakiruka. Hadithi kubwa si yao, wanapamba safari ya Wazungu wanaomtafuta mtu aliyepotea akitafuta hazina. Miaka 12 baadaye vijana wa Marekani walikuwa wanacheza dansi iitwayo Watusi, isiyo na mkuki, njuga wala simba. Jina lilisafiri, mtu akabaki. Hata leo tabia hiyo ipo. Hapa Rwanda kila mwaka, isipokuwa ikitokea sababu, kuna Kwita Izina kule Kinigi, sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe, iliyoanza 2005. Sokwe wenyewe wako msituni, kwa hiyo watoto wa binadamu wanavaa mavazi ya sokwe na kusimama badala yao. Ni sherehe nzuri na ina faida. Lakini fikiria: pale sokwe anapewa jina mbele ya dunia nzima. Kijana wetu alivaa simba akanyimwa lake.

Sasa nije kwa swali ambalo wazee wa kwetu walinibana nalo. Mzee mmoja aliniambia, "Hao batoto, nusu yao si Banyarwanda. Huyu Mubembe wa Fizi, huyu dada wa Burundi anayepiga ngoma. Ngoma ya ikulu inawahusu nini?" Ni swali la haki. Wahenga wanasema mwacha mila ni mtumwa. Mubembe ana ngoma zake. Kwa nini asicheze zake?

Jibu langu la kwanza ni kwamba anacheza, na mwezi wa pili tutawafundisha wengine. La pili ni gumu zaidi. Intore ni "waliochaguliwa". Ikulu ilichagua, na wengi hawakuchaguliwa. Hilo tusilifiche. Lakini leo Intore inafundishwa kwa kila mtoto anayetaka, mjini na vijijini, na mwezi wa Desemba 2024 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote. Kama ni urithi wa binadamu, sisi si binadamu? Na kuna jambo lingine. Kwetu sisi neno "kuchaguliwa" lina maana moja tu: jina lako kutokea kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi nyingine. Watoto wanakua wakijua kwamba kuchaguliwa ni kuondoka. Nilitaka mahali pamoja ambapo mtoto anachaguliwa hapa, leo, kwa sababu ya miguu yake na maneno yake. Sikumwambia mzee yote haya. Nilimwambia aje atazame.

Hata simba wenyewe, nani wa hapa na nani wa nje? Baada ya 1994 watu wengi walirudi nchini na ng'ombe wao, sehemu kubwa ya mbuga ya Akagera ikawa malisho. Simba wakala ng'ombe, wafugaji wakawatilia sumu, na simba wakaisha. Walicheza umugara nchi nzima bila simba hata mmoja. Halafu mwaka 2015 wakaletwa saba kutoka Afrika Kusini, kwa ndege, wakakaa kwanza ndani ya uzio kabla ya kufunguliwa. Mwaka huohuo, mashariki huko huko, kambi ya Mahama ilifunguliwa kwa Warundi. Nilipowaambia vijana, yule dada wa Burundi akasema, "Kwa hiyo simba wa Rwanda ni wakimbizi, na walipita tranziti." Tulicheka mpaka mazoezi yakasimama. Lakini simba wale wamezaa, na hakuna anayewauliza kama umugara ni wao.

Basi, onyesho la pili. Ilikuwa Septemba, Jumapili jioni, kwenye uwanja wa udongo nyuma ya nyumba yetu ya vijana. Vazi la kukodi tulilirudisha zamani, hela hakuna. Vijana walifumua magunia ya mahindi, yale meupe ya plastiki, wakapata nyuzi, wakashona umugara 14, kila kichwa na wake. Ulikuwa mweupe na ulipiga kelele kama mvua. Ngoma ilikuwa moja ya kuazima, nyingine zote jerikani za lita 20. Watazamaji ni wazazi, majirani Wanyarwanda waliosikia kelele, na yule mzee, amekaa kwenye kiti chake alichokuja nacho.

Mabaya yalikuwepo. Jerikani haina sauti nzito, kwa hiyo sehemu za chini zilikuwa tupu. Wadogo wawili walitazama miguu yao muda wote. Mmoja alisahau icyivugo katikati, akasimama, watu wakacheka, akaanza upya. Vivugo vingine vilikuwa virefu mno: kijana mmoja alijisifia timu yake ya mpira hadi ishakwe ikamkatisha, na ilifanya vizuri. Ile plastiki nayo haianguki kama katani, inasimama juu, ukitazama haraka unafikiri ni kuku.

Lakini kimya kilirudi. Walikanyaga, wakasimama, na kwa muda wa pumzi mbili uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto wachanga. Kisha wa tatu mstari wa mbele akatoka, umugara umetulia mabegani, uso juu. Akasema lake. Akafika kwenye "mimi nilikuwa na mgongo", na mdogo wake, ana miaka saba sasa, akapiga kelele kutoka kwa watazamaji, "Ni mimi! Nilikuwa mimi!" Haikuwa kwenye mazoezi. Wenzake walicheka, wakaitikia kwa miguu, na hapo tu, kwa mara ya kwanza, akazungusha kichwa. Mara moja. Ilitosha.

Yule mzee hakusema kitu. Alipoondoka alimuuliza Mubembe jina la baba yake.

Kwa hiyo nasema nini? Kwa ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika: hatuwalaumu kwa kutualika, tunapenda kualikwa. Ila mkitupa dakika saba, tuacheni sisi tuchague nini kikatwe. Tutakata kuruka kabla ya kukata maneno. Mkiogopa maneno, tuulizeni yanasema nini, tutawatafsiria. Na mkipiga picha, subirini uso. Utakuja, ngoma yenyewe imepangwa hivyo. Au njooni kwetu badala ya kutuita. Kambini Dzaleka, Malawi, tamasha la Tumaini limefanyika tangu 2014, na wageni ndio wanaosafiri kwenda kambini, siyo kambi kuletwa kwa wageni.

Kwa viongozi wa vikundi, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa, Mahama, na sisi wa mjini: tusikubali haraka kama nilivyokubali. Hofu ya kuondolewa kwenye ratiba ni ya kweli, naijua. Lakini kijana aliniuliza "basi niruke tu?" na nilikuwa na wiki nzima ya kumjibu vizuri.

Tumebakiwa na magunia matatu ambayo hayajafumuliwa. Anayetaka umugara, aje Jumamosi saa tisa alasiri. Njuga ajitafutie, na icyivugo atunge mwenyewe.